Elijah McCoy, mtia makaa aliyeifundisha mashine kujipaka mafuta

Zaidi ya miaka 150 iliyopita, mtoto wa watumwa waliotoroka alitafuta jibu la swali ambalo mafundi wa West Nile hulikuta kila wanapofunga injini: pistoni itatelezaje ndani ya silinda bila kukaukiwa?

Katika gereji za Arua, Onduparaka na Koboko, injini iliyofunguliwa kwa ukarabati haifungwi ikiwa kavu. Kabla ya silinda kuvishwa juu ya pistoni, fundi huchovya vidole katika oili safi, akaipaka kwenye ringi, kwenye ubavu wa pistoni na kwenye ukuta wa ndani wa silinda. Ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi mwenye gari au mwenye bodaboda haioni. Hata hivyo uhai wa injini nzima huitegemea. Chuma kinachosugua chuma bila mafuta hupata moto, hukwaruzika, na mwishowe hushikana kisitoke tena.

Namna ya kuyafikisha mafuta mahali hapo, kwa wakati wake na kwa kiasi chake, ndiyo iliyotawala maisha ya Elijah McCoy, mhandisi Mweusi aliyefariki dunia Oktoba 10, 1929 karibu na jiji la Detroit nchini Marekani. Katika maisha yake alipewa hataza 57, na nyingi kati ya hizo zilihusu vilainishi. Injini alizozishughulikia zilikuwa za mvuke, za garimoshi na za meli, lakini adui aliyepambana naye ndiye yule yule anayeua injini za leo.

Mtoto wa wakimbizi

McCoy alizaliwa Mei 2, 1844 huko Colchester, Ontario, katika ardhi ya Kanada iliyokuwa chini ya Uingereza. Wazazi wake, George na Mildred, walikuwa watumwa katika jimbo la Kentucky. Walitoroka kwa msaada wa mtandao wa siri uliojulikana kama Reli ya Chini ya Ardhi. Mtandao huo haukuwa na reli wala treni. Ulikuwa mlolongo wa nyumba, makanisa na watu wenye moyo, ambao waliwapokea watoro usiku na kuwasindikiza hadi kituo kinachofuata, mpaka wavuke mpaka.

Kuvuka huko kulikuwa na maana ya kisheria. Utumwa ulikuwa umefutwa katika makoloni ya Uingereza tangu mwaka 1834, ilhali kusini mwa Marekani mtu mweusi alikuwa bado ni mali ya mtu mwingine. Elijah alizaliwa huru kwa sababu tu wazazi wake walifanikiwa kufika ng'ambo ya pili. Kwa watu wa West Nile, ambao wengi wao walikimbilia Zaire na Sudan baada ya mwaka 1979, na ambao leo wanaishi jirani na kambi za wakimbizi za Rhino Camp na Imvepi, kisa cha mtoto anayezaliwa ugenini na wazazi waliokimbia si kisa kigeni.

Baadaye familia ilirudi Marekani na kuweka makazi Ypsilanti, mji mdogo katika jimbo la Michigan, ambako utumwa haukuruhusiwa. Baba alifanya biashara ya tumbaku. Elijah alikuwa mtoto aliyependa kufungua vitu aone vinavyofanya kazi, na wazazi wake walifanya uamuzi mgumu kwa watu wa kipato chao: mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15, walimpeleka Edinburgh, Uskoti, akajifunze uhandisi wa mitambo. Uskoti wa wakati huo ulikuwa miongoni mwa vitovu vya ufundi wa mvuke duniani. Kijana alimaliza uanagenzi wake akawa mhandisi aliyehitimu.

Mhandisi mbele ya tanuri

Aliporejea Michigan, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha na utumwa ulikuwa umepigwa marufuku na katiba mwaka 1865. Lakini kufutwa kwa utumwa hakukufungua milango ya ofisi za wahandisi. Hapakuwa na kampuni iliyokuwa tayari kumweka mtu mweusi katika nafasi aliyoisomea. McCoy alipata kazi katika reli ya Michigan Central, lakini si ya kubuni mitambo. Aliajiriwa kutia makaa katika tanuri la garimoshi na kupaka mafuta sehemu zake zinazosuguana.

Ilikuwa kazi ya jasho na hatari. Mtia makaa alisimama kati ya moto na rundo la makaa, akichota kwa koleo safari nzima ili mvuke usipungue. Garimoshi liliposimama alishuka na kopo la mafuta, akazunguka kutoka gurudumu hadi gurudumu, kutoka fani hadi fani, akimwagia kila mahali panaposuguana. Ilikuwa kazi ambayo msimamizi yeyote angeiona haihitaji elimu.

Na hapo ndipo elimu ya Edinburgh ilipokutana na tatizo lake. Mhandisi aliyekaa ofisini aliiona mashine katika michoro. McCoy aliiona kila siku ikiwa na njaa ya mafuta, akaisikia inapoanza kulia, akajua kwa mikono yake ni wapi panapokauka kwanza.

Kwa nini silinda ilikuwa ngumu

Fani ya gurudumu iko nje, na mtu anaweza kuifikia kwa kopo. Silinda ya injini ya mvuke ni jambo jingine. Ndani yake pistoni husukumwa huku na huku na mvuke wenye shinikizo kubwa. Ukijaribu kufungua tundu ili umimine mafuta wakati injini inavuta, mvuke utatoka kwa nguvu na kumuunguza aliye karibu. Zaidi ya hayo, mvuke wenyewe ni unyevunyevu, nao huyaosha mafuta yaliyo kwenye ukuta wa silinda.

Kwa hiyo mafuta yalitiwa pale tu mvuke ulipofungwa, yaani garimoshi liliposimama au lilipoteremka mlima kwa uzito wake. Yaliyotiwa kwa wingi yalitoka na mvuke wa mwanzo na kupotea. Kisha pistoni iliendelea kwenda ikizidi kukauka hadi kituo kinachofuata. Ilikuwa ni kushiba kupita kiasi na kisha kufunga kwa muda mrefu, na chuma hakivumilii maisha ya namna hiyo. Ringi zililika, ukuta wa silinda ulichimbika, mvuke ukavuja na makaa yakateketea bure. Kila kusimama kwa ajili ya mafuta kulikuwa pia hasara ya muda kwa abiria na mizigo.

McCoy hakuwa wa kwanza kulitazama tatizo hili. Nchini Uingereza mafundi kadhaa, akiwemo John Ramsbottom, walikuwa wamebuni vifaa vya kupeleka mafuta kwenye silinda za mvuke mwanzoni mwa miaka ya 1860. Mchango wa McCoy ulikuwa kutengeneza kifaa chake mwenyewe, na kisha kuendelea kukirekebisha kwa zaidi ya miaka 40, mashine zilivyozidi kubadilika.

Hataza namba 129,843

Julai 1872 serikali ya Marekani ilimpa hataza namba 129,843 kwa kifaa cha kulainisha injini za mvuke. Kilikuwa kikombe cha mafuta kilichounganishwa na silinda, chenye valvu iliyotegemea shinikizo la mvuke. Injini ilipofanya kazi, mvuke ule ule uliokuwa ukizuia mkono wa mtu ndio ulioifungua njia, na mafuta yakashuka kidogo kidogo. Injini ilipopumzika, mafuta nayo yalipumzika.

Wazo hilo ni rahisi kulieleza, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Mafuta hayakuhitaji tena kumsubiri mtu. Yalikuja pale yanapohitajika, kwa sababu ya kazi yenyewe inayoyahitaji, na kwa kiasi ambacho silinda inaweza kukitumia. Vifaa vya namna hii vilisambaa katika reli, kisha katika meli za mvuke na mitambo ya viwandani. Mvuke wenyewe uliifikia hata West Nile: meli za mvuke zilipita katika Nile ya Albert na kutia nanga Rhino Camp, na reli ilipofika Pakwach mwaka 1964, Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa bado linatumia vichwa vya garimoshi vya mvuke. Silinda za vyombo hivyo vyote zilihitaji mafuta yanayofika bila safari kusimamishwa.

Mwaka huo wa 1872 haukuwa wa furaha tupu. Mke wake wa kwanza, Ann Elizabeth Stewart, aliyemwoa mwaka 1868, alifariki. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Eleanora Delaney, naye pia mtoto wa watu waliotoroka utumwa. Mwaka 1882 walihamia Detroit. Mary akawa mmoja wa wanawake Weusi waliojulikana sana katika jiji hilo; alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa nyumba ya kuwatunza wanawake Weusi wazee, iliyoanzishwa mwaka 1898 na kupewa jina la mshairi Phillis Wheatley.

Jina lililotengana na kazi

Hataza ni karatasi. Kuigeuza kuwa bidhaa kunahitaji kiwanda, na kiwanda kinahitaji mtaji. McCoy hakuwa na mtaji, na mabenki ya zama zake hayakuwa na mazoea ya kumkopesha mtu mweusi. Alifanya walichofanya wavumbuzi wengi maskini: aliuza haki zake, nzima au nusu, kwa wawekezaji, akatumia fedha hizo kufanya uvumbuzi uliofuata. Matokeo yake, vifaa vingi vilivyotoka kichwani mwake viliuzwa bila jina lake. Waliotajirika kwa vilainishi hivyo walikuwa wengine.

Hakuacha kazi. Mwaka 1874 alipata hataza ya meza ya kukunja ya kupigia pasi, na mwaka 1899 ya kifaa cha kunyunyizia maji bustani. Lakini kila mara alirudi kwenye silinda. Mwanzoni mwa karne ya 20 reli zilianza kutumia mvuke uliopashwa moto zaidi, na joto hilo liliyaunguza mafuta ya kawaida, yakaacha masizi magumu ndani ya silinda. Mwaka 1915, akiwa amevuka miaka 70, McCoy alipata hataza ya kifaa kilichochanganya mafuta na unga wa grafiti, madini laini yanayoteleza na yasiyoungua kirahisi. Mafuta yaliposhindwa na joto, grafiti ilibaki kati ya chuma na chuma.

Mwaka 1909 kiongozi na mwandishi Booker T. Washington alimtaja kama mvumbuzi Mweusi mwenye hataza nyingi kuliko wote. Ila ilimpasa asubiri hadi mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 76, ndipo kampuni yenye jina lake, Elijah McCoy Manufacturing Company, ilipoanzishwa Detroit kutengeneza na kuuza vilainishi vyake.

Kutoka mvuke hadi petroli

Detroit ya uzeeni mwake haikuwa tena mji wa garimoshi pekee. Henry Ford alikuwa amezindua gari lake la Model T mwaka 1908, na jiji zima likageuka karakana ya magari. Ndani ya injini za petroli moto huwaka humo humo ndani ya silinda, na pistoni hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika. Kopo la mafuta halina nafasi hapo. Oili hukaa chini ya injini, ikasukumwa na pampu au kurushwa na kranki hadi kwenye kuta za silinda. Kifaa ni kingine, lakini kanuni ni ile ya kikombe cha mwaka 1872: mashine inayofanya kazi ijipelekee mafuta yenyewe.

Ipo aina moja ya injini ambayo kanuni hiyo hupimwa kwa ukali zaidi, nayo ni ile inayopozwa kwa hewa. Katika zama za McCoy kampuni ya Franklin ya Marekani ilitengeneza magari ya namna hiyo. Afrika Mashariki iliijua zaidi kupitia Volkswagen Beetle, gari la mgongo wa duara lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Leo injini inayopozwa kwa hewa iko chini ya paja la kila mwendesha bodaboda wa Onduparaka: yale mapezi ya chuma yanayozunguka silinda ya Bajaj Boxer kazi yake ni kuutoa moto nje.

Injini ya namna hii haina rejeta wala maji. Kinachobaki kubeba joto ni upepo na oili. Kwa hiyo oili ina kazi mbili, kulainisha na kupoza, na mara nyingi ni kidogo. Beetle nzima hutumia takriban lita 2.5, na injini yake ya asili ina chujio la wavu tu. Vumbi la barabara za murram likiingia, oili hugeuka msasa.

Ndiyo maana ufungaji wake unadai uangalifu. Silinda iliyosuguliwa upya huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu petroli peke yake haiondoi chembe zilizojificha katika mikwaruzo midogo. Hufutwa kwa kitambaa cheupe hadi kitambaa kitoke safi, kisha hupakwa oili mara moja isishike kutu. Pini ya pistoni hupakwa oili. Nafasi za ringi hupangwa zisikabiliane, moto usije ukapata njia ya moja kwa moja. Ringi hubanwa kwa mkanda, na silinda huteremshwa taratibu.

Kiasi cha oili nacho ni suala la ufundi. Ikikosekana, sekunde za mwanzo za kuwasha injini, kabla pampu haijafikisha mafuta, hutosha kuikwaruza pistoni. Ikizidi, ringi hutelezea juu ya mafuta badala ya kusuguana na ukuta na kuuzoea. Injini itavuta oili na kutoa moshi wa buluu kwa muda mrefu. Utando mwembamba wa oili safi ya injini, wala si grisi, ndio unaotakiwa. Kisha plagi hutolewa na injini huzungushwa bila kuwashwa, hadi oili ifike kila mahali. Fundi anayefanya hivyo anakwepa makosa yale yale mawili yaliyoharibu silinda za Michigan Central: ukavu wa muda mrefu na wingi usio na faida.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1922 McCoy na mkewe walipata ajali ya gari mjini Detroit. Mary hakupona kabisa; alifariki mwaka 1923. McCoy alibaki na majeraha, na afya yake ikadhoofika mwaka hadi mwaka. Mtu ambaye vifaa vyake vilikuwa vimeokoa mali nyingi za wenye reli alimalizia siku zake katika hospitali ya umma ya Eloise, iliyopokea maskini na wagonjwa wa akili. Alifariki akiwa na umri wa miaka 85, akazikwa katika makaburi ya Detroit Memorial Park, Warren, Michigan.

Jina lake lilipata maisha mengine kwa njia ya ajabu. Kuna usemi mashuhuri wa Kiingereza unaomtaja McCoy halisi kwa maana ya kitu kisicho bandia. Wengi husimulia kwamba ulianzia kwa wanunuzi wa reli waliokataa vilainishi vya kuiga, wakidai kile cha McCoy mwenyewe. Masimulizi hayo yanapendeza, ila usemi unaofanana nao, wenye jina la Mackay, ulikuwa ukitumika Uskoti tangu miaka ya 1850, kabla ya hataza yake ya kwanza. Asili ya usemi bado inabishaniwa. Hataza zake hazibishaniwi. Zimeandikwa, zina namba na tarehe.

Heshima rasmi ilichelewa. Mwaka 2001 aliingizwa katika Ukumbi wa Taifa wa Wavumbuzi wa Marekani. Mwaka 2012 mamlaka ya hataza ya nchi hiyo ilipofungua ofisi yake ya kwanza nje ya eneo la makao makuu, iliifungua Detroit na kuipa jina la Elijah J. McCoy. Ofisi hiyo ya wavumbuzi ilipewa jina la mtu ambaye aliuza haki za kazi yake kwa kukosa fedha za kuitengeneza.

Walimpa koleo na kopo la mafuta wakidhani wamemweka mbali na uhandisi. Kumbe walimweka karibu na mahali ambapo mashine ilikuwa ikiumia, na yeye ndiye aliyekuwa na elimu ya kuyatambua maumivu hayo.